Kupima makengeza ya watoto kwa kamera: niliyowaambia manesi, walimu wa chekechea na vijana wa kompyuta hapa Mbeya

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni. Wenzangu habari za mchana. Waliotoka Iringa na Njombe kamwene, wa Tukuyu na Kyela ndaga fijo kwa kuja, najua hiyo barabara na ukungu wa asubuhi. Wadogo zangu wa chuo mliokaa nyuma na laptopu, sogeeni mbele bwana, leo nawahitaji nyie kuliko mnavyodhani.

Nimeombwa niongelee teknolojia na afya ya mtoto, mada ni pana sana, kwahiyo nimeamua nishike kitu kimoja ninachokifanya kwa mikono yangu kila siku, makengeza ya watoto wadogo na namna kamera inavyoweza kutusaidia kuyapima. Nimesema kuyapima, maana kuyaona kila mtu anayaona, bibi anayaona, jirani anayaona, mwalimu anayaona siku ya kwanza mtoto akiingia darasani. Shida yetu huku Nyanda za Juu ni kwamba tunaona halafu hatuna namba ya kuandika kwenye kadi, na bila namba huwezi kusema limeongezeka, limepungua au liko vilevile, unabaki unaandika "kengeza kidogo", mwenzako mwezi wa sita anaandika "kengeza kiasi", na hakuna anayejua hapo katikati kimetokea nini.

Kwanza tukubaliane kwamba hili sio suala la sura. Macho mawili yanatakiwa yaangalie sehemu moja kwa wakati mmoja, kila moja lipeleke picha yake kwenye ubongo, ubongo uziunganishe iwe picha moja yenye kina, ndo maana ukinyoosha mkono unashika kikombe bila kukipiga kumbo. Sasa jicho moja likiingia ndani kwenye pua, au likitoka nje upande wa sikio, au likipanda juu, ubongo unapokea picha mbili zisizokutana, ni kama redio iliyoshika stesheni mbili kwa pamoja. Mtu mzima hiyo hali ikimpata ghafla anaona vitu viwiliviwili, anakuja hospitali siku hiyohiyo analalamika. Mtoto halalamiki, kwa sababu ubongo wake bado unajijenga, anachofanya ni kuacha kulisikiliza lile jicho lililopinda. Maisha yanaendelea, anacheza, anakimbia, anakula, na jicho halina kidonda wala ukungu, ukiliangalia unasema zima kabisa, ila miaka ikipita ukimfunika lile jicho jingine hawezi kusoma hata herufi kubwa za juu, na miwani ya namna yoyote hairudishi. Ndo tunaita jicho vivu.

Hili lilionyeshwa vizuri na watafiti wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, walifunga jicho moja la paka wachanga kwa muda wakakuta sehemu ya ubongo ya kuonea imelitenga hilo jicho, na ukilifungua baadaye umri ukiwa umepita haliponi vilevile, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kwa mtoto wa binadamu dirisha ni pana kuliko la paka lakini lipo, matibabu yanafanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7, na kadri unavyowahi ndivyo unavyopata zaidi. Kwahiyo mzazi anayeambiwa "subiri, ataacha akikua" anaambiwa achome ule muda wenye thamani kuliko wote. Kichanga cha chini ya miezi mitatu minne macho yake yanaweza kupotea mara mojamoja, hiyo tunaielewa, lakini mtoto wa miezi sita ambaye jicho limepinda muda wote, huyo hasubiri kitu.

Inakadiriwa duniani watoto kama 2 katika kila 100 wana makengeza ya namna moja au nyingine. Chukua darasa la chekechea la Mwanjelwa au Makambako lenye watoto hamsini, hesabu mwenyewe, huenda mmoja yumo humo ndani.

Sasa tunapimaje leo. Njia ya kwanza ni tochi. Kuna daktari wa macho Mjerumani, Julius Hirschberg, miaka ya 1880 alitumia mwanga wa mshumaa, akaangalia jinsi unavyojionyesha kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Nanyi manesi mnaifanya kila siku bila kulijua jina lake, unamulika, kila jicho linatoa kinukta cheupe, macho yakiwa sawa vinukta vinakaa sehemu zinazofanana kwenye macho yote mawili, jicho likiingia ndani kinukta kinaonekana kimehamia upande wa sikio, likitoka nje kinahamia upande wa pua. Ni njia nzuri na haina gharama, lakini angalia hesabu yake. Vitabu vya zamani vilisema kinukta kikisogea milimita 1 jicho limepinda digrii 7, vipimo vya picha vya baadaye vikaonyesha ni zaidi, karibu digrii 12. Milimita moja! Kwenye jicho la mtoto anayechezesha kichwa, wewe umeinama na tochi, unakisia nusu milimita kwa macho yako matupu, hapo umeshapotea digrii 6 na hujajua.

Njia ya pili ndiyo tunayoiamini, kufunika jicho na kuweka prizimu. Prizimu ni kipande cha kioo au plastiki kinachopinda mwanga, na kipimo chake ni daiopta, prizimu ya daiopta 1 inausogeza mwanga sentimita 1 kwa kila mita 1 unayosafiri, digrii 1 ni kama daiopta 1 na robo tatu. Unamfanya mtoto aangalie kitu, unafunika jicho moja, unahamishia kifuniko kwenye jingine, unaangalia kama jicho linaruka kukamata kile kitu, unaweka prizimu, unaongeza, unaongeza, mpaka jicho linapoacha kuruka, namba ya hiyo prizimu ndo ukubwa wa kengeza. Kwa mtoto wa miaka nane ni kazi ya dakika chache. Sasa niletee wa miaka miwili na nusu. Amekaa mapajani kwa mama yake, mimi niko mbele na kidoli kinacholia, mara ya kwanza anakiangalia, mara ya pili anakiangalia, mara ya tatu kidoli kimeshamchosha, anachotaka ni ule mwamba wa prizimu, yaani kipande kirefu chenye prizimu zilizopangwa kwa ukubwa, kwa sababu unang'aa, akiupata unajaa alama za vidole vya maandazi, nikifuta nikarudi ameshageukia dirishani anaangalia bodaboda. Hapo kilichobaki ni uzoefu wa mpimaji, na uzoefu una mipaka yake, imepimwa na kuchapishwa kwamba kengeza likiwa kubwa wapimaji wawili wazoefu kabisa wanaweza kupishana kwa daiopta karibu 10 kwa mtoto yuleyule.

Mtauliza daiopta 10 ni nini bwana, si ndogo tu. Hapana. Daktari wa upasuaji akitaka kunyoosha macho yanayoingia ndani anakata misuli ya upande wa pua kwenye macho yote mawili na kuishonea nyuma kidogo ya pale ilipokuwa, na anarudisha nyuma kiasi gani inategemea ile namba. Jedwali linalotumika sana linasema daiopta 15 rudisha milimita 3 kila jicho, daiopta 50 rudisha milimita 6. Yaani tofauti yote kati ya kengeza dogo na kengeza kubwa sana imebebwa na milimita 3. Ukikosea daiopta 10 umekosea karibu milimita nzima kwenye msuli wa mtoto, na ndo unasikia mzazi anasema alifanyiwa upasuaji likarudi, au likaenda upande wa pili. Sio kila mara ni kosa la kipimo, misuli nayo ina mambo yake, ila kipimo kibaya kinachangia na hicho tunaweza kukirekebisha.

Hapo ndo kamera inaingia. Vijana wa kompyuta mnisikilize sasa.

Kwanza mjue mna babu yenu kwenye hii kazi. Mfaransa Louis Émile Javal alisomea uhandisi wa madini, kwenye familia yao baba na dada yake walikuwa na makengeza, akarudi shule akawa daktari wa macho, akaanzisha mazoezi ya macho ya kutibu makengeza, na ni kwenye maabara yake mwishoni mwa karne ya 19 walikogundua kwamba jicho likisoma halitelezi kwenye mstari, linarukaruka na kutua. Kwahiyo sayansi ya kufuatilia mwendo wa jicho na sayansi ya makengeza zimetoka kwenye mikono ya mtu mmoja, mhandisi aliyeguswa nyumbani kwake. Mimi nikikaa na vijana wa chuo huwa nawaambia hii habari kwa sababu naamini kabisa na nyie mnaweza.

Mtambo wa kufuatilia macho kwa kamera unafanya kile alichofanya Hirschberg na mshumaa, ila kwa umakini ambao jicho la mtu halina. Kuna vitaa vidogo vya infraredi, mwanga ambao mtoto karibu haoni chochote, vinamulika uso, kamera inapiga picha 60 au 120 kwa sekunde, mingine inafika hata 1,000. Kwenye kila picha programu inatafuta vitu viwili, katikati ya mboni na kile kinukta cha mwanga kwenye konea. Jicho likizunguka mboni inahama, kinukta kinabaki karibu palepale, umbali kati ya hivyo viwili ndo unaokupa pembe ya jicho. Unafanya hivyo kwa jicho la kulia na la kushoto kila moja kivyake, unatoa moja kwa jingine, umepata kengeza, la mlalo peke yake na la wima peke yake. Nimesema milimita 1 ni digrii 12, sasa sehemu ya kumi ya milimita ni kama digrii 1, sehemu ya kumi mimi siioni hata ukinilipa, kamera inaiona. Na kama mtoto amesogea mbele au nyuma kuna rula ya asili kwenye jicho lenyewe, kile kiduara cha rangi kina upana wa kama milimita 11 hadi 12 na mtoto akifika miaka miwili kimeshakaribia saizi ya mtu mzima, programu inaweza kutumia hicho kupata kipimo cha umbali.

Kuna jambo moja hapa linatuhusu sisi moja kwa moja na nataka nilikazie. Macho ya watoto wetu ni meusi, kahawia iliyokolea. Ukipiga picha na kamera ya kawaida ya laptopu kwenye chumba chenye mwanga hafifu, mboni nyeusi iko katikati ya kiduara cheusi, mpaka kati yake hauonekani, programu inabahatisha. Ukitumia infraredi hali inageuka, kwa sababu ile rangi inayofanya jicho liwe jeusi inanyonya sana mwanga wa kawaida lakini infraredi hainyonyi sana, kwahiyo kwenye picha kiduara kinatoka kijivu cheupe na mboni inabaki nyeusi tii, mpaka unaonekana safi kabisa. Mara ya kwanza nilivyoona hiyo picha ya jicho la mtoto wa Kinyakyusa kwenye skrini nilifurahi kama mtoto. Kwahiyo kijana ukinijia na programu inayotumia kamera ya simu tu, swali langu la kwanza ni umeijaribu kwenye macho ya nani, maana kama imefundishwa kwa picha za macho ya bluu na kijani, huku Uyole itakuangusha.

Sasa mtego mkubwa, na huu ndo ulionifanya nikubali kuja kuongea leo. Mitambo mingi ya kufuatilia macho haikutengenezwa kwa ajili ya makengeza, imetengenezwa kwa ajili ya watu ambao macho yao yamenyooka, watafiti wa matangazo, wa kusoma, wa magemu. Kabla haijaanza kazi inataka kalibresheni, yaani kadoti kanatokea kwenye skrini kona hii na kona ile, mtu anaangalia, mtambo unajifunza kwamba jicho likikaa hivi maana yake linaangalia pale. Kwa mtu wa kawaida hamna shida. Kwa mtoto mwenye kengeza, macho yote yakiwa wazi, jicho zuri linaangalia doti na jicho lililopinda linaangalia ukutani, lakini mtambo unaandika kwamba yote mawili yanaangalia doti! Umeufundisha kwamba kupinda ndo kunyooka. Baada ya hapo unampima mtoto, skrini inakuletea sifuri au kitu kidogo sana, unamwambia mama hana tatizo, mama anaondoka ameshukuru, na mtoto ana kengeza la daiopta 30 ambalo mashine imelifuta kwa hesabu. Mtu yeyote akikuletea mtambo wa kupima makengeza muulize hilo kwanza, kalibresheni mnafanya jicho mojamoja au yote kwa pamoja? Akikosa jibu mwombe arudi nao nyumbani.

Dawa yake ni kufunika jicho moja, ukalibreshe lililo wazi, kisha ugeuze. Na hapa kuna kifaa kidogo ninachokipenda, ni kipande cha plastiki nyeusi kinachozuia mwanga wa kawaida wote lakini kinapitisha infraredi. Mtoto ukimwekea mbele ya jicho haoni kitu, giza, kwake jicho limefunikwa kabisa, lakini kamera inapenya na inaendelea kuliona jicho huko nyuma linavyofanya. Unaelewa uzuri wake? Kwenye njia ya mkono mimi nikifunika jicho silioni tena mpaka nifunue, nasubiri lile ruko la nusu sekunde nilikamate kwa macho. Kamera inaliona jicho likipinda pole pole nyuma ya plastiki, inaandika limepinda digrii ngapi na limetumia sekunde ngapi kufika huko, halafu nikifunua inaandika lilivyorudi. Kile kipimo tunachokiamini, cha kufunika na kufunua, kimebaki vilevile, kilichobadilika ni nani anasoma namba.

Na kwa mtoto mdogo kuna faida nyingine, haumwambii kitu. Unaweka katuni kwenye skrini, kanyama kanalia, kanatokea hapa kanapungua mpaka kawe kadogo, macho yenyewe yanafuata. Akigeuka ukamwita akarudi, zile sekunde alizogeuka programu inazitupa, zile alizoangalia inazibakiza. Mimi na prizimu yangu nahitaji atulie muda mrefu mfululizo, kamera inaridhika na vipande vipande.

Lakini nisiwauzie muujiza. Skrini inakaa kama sentimita 60 kutoka usoni, sisi tunapima pia kwa mita 6, na kuna makengeza yanayotoka nje ambayo ukipima kwa karibu hayaonekani, ukipima kwa mbali ndo yanajitokeza. Haya ya kutoka nje mengine yanakuja na kuondoka, mtoto akiwa mchangamfu macho yamenyooka kabisa, akichoka jioni au akizubaa au akitoka kwenye jua kali utamwona anafunga jicho moja. Mzazi akikwambia "linapinda akisinzia" mwamini, usimbishie kwa sababu asubuhi kamera imesema sifuri. Mtoto ambaye jicho lake vivu limeshakuwa baya kiasi kwamba hawezi kukaza kuangalia doti, kalibresheni ya hilo jicho haitakubali, huyo unarudi kwa tochi na prizimu. Miwani nayo inaleta vinukta vya uongo, kioo kinarudisha mwanga wake, mtambo unachanganya. Halafu jua. Jua lina infraredi nyingi, na sisi madirisha yetu ya zahanati ni mapana na jua la Mbeya mwezi wa saba japo kuna baridi linawaka kweli, likimpiga mtoto usoni mtambo unapofuka. Tundikeni kitenge kizito dirishani, mgeuzeni mtoto alipe dirisha mgongo bila mwanga kuingia kwenye kamera, na mtambo uwe wa betri, maana umeme nao tunajuana nao.

Simu zenu je? Simu ina kazi yake nzuri sana, ila ni ya kuchuja, namba ya upasuaji haitoki humo. Washa flashi, kaa kama mita 1, mwite mtoto aangalie kamera moja kwa moja, kichwa kimenyooka, piga picha kadhaa, kisha ikuze uangalie vinukta kwenye mboni zote mbili. Kuna watoto wengi wana pua pana na ngozi imefunika kona ya ndani ya jicho, unaona kama macho yameingia ndani, ukikuza picha vinukta viko sawasawa, huyo hana kengeza, ni uso unavyokua. Ila kengeza la kweli na la kudhaniwa yanaweza kufanana sana, kwahiyo ukiwa na mashaka mlete tu, na picha hiyohiyo uje nayo.

Na kwenye picha hizo za flashi kuna kitu kimoja ukikiona usisubiri kliniki ya Jumatatu. Mboni moja ikitoka nyekundu au nyeusi na nyingine ikatoka nyeupe, ile nyeupe inayong'aa kama jicho la paka usiku, huyo mtoto aonwe na daktari wa macho haraka iwezekanavyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, retinoblastoma. Ni ugonjwa wa nadra, mtoto 1 kati ya kama 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, lakini kengeza ni dalili yake ya pili kwa kuonekana baada ya hiyo mboni nyeupe, na ikiwahiwa mtoto anaishi, ikichelewa inaua. Ndo maana kila mtoto mwenye kengeza, hata kamera ikishatoa namba nzuri ya kupendeza, lazima atiliwe dawa ya kupanua mboni na mtu aangalie mpaka nyuma ya jicho. Kamera ya kufuatilia macho haioni huko nyuma. Hii naomba manesi mkaibandike ukutani.

Baada ya kupima kinafuata nini, maana wazazi wanaogopa kisu. Wengi hawafiki kwenye kisu. Mtoto wa miaka miwili mitatu ambaye jicho limeanza kuingia ndani, mara nyingi shida yake ni kwamba anaona mbali kwa kujikamua, akijikamua macho yanavutwa ndani, ukimpa miwani sahihi macho yananyooka, wengine hapohapo kwenye kiti, mpaka mama zao wanalia. Jicho vivu linatibiwa kwa kufunika lile zuri, na utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulionyesha kwa jicho vivu la wastani kufunika masaa 2 kwa siku kunafanya kazi sawa na masaa 6, hiyo ni habari nzuri kwa mama anayeuza parachichi sokoni na hana muda wa kumkimbiza mtoto siku nzima na plasta. Kwa upasuaji kuna hospitali kubwa, KCMC Moshi, Muhimbili, CCBRT Dar, na kutoka Ludewa au Makete huko ni mbali, nauli, kulala, nani anabaki na wengine nyumbani. Sasa fikiria kama mtoto amepimwa Makete kwa kamera leo, akapimwa tena baada ya miezi mitatu, namba zote mbili na video za macho zimetumwa kwa daktari Moshi, akasema huyu aendelee na miwani, huyu mwingine aje mwezi ujao. Safari moja badala ya tatu. Ndicho ninachokitafuta kwenye hii teknolojia, na sina aibu kusema nakitaka sana.

Mkitengeneza hayo mkumbuke ile video ni sura ya mtoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura na taarifa za afya za mtoto zinaguswa humo, mzazi aelezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka mnachukua nini, kinakaa wapi, nani anakiona, aweke sahihi akiwa ameelewa. Kata picha libaki eneo la macho tu kama inawezekana. Na hizo picha zisizunguke kwenye magrupu ya WhatsApp hata kama nia ni kuomba ushauri.

Walimu wa chekechea, kazi yenu ni nyepesi kidogo na ni ya mapema. Mtoto anayeinamisha kichwa upande mmoja akiangalia ubao, anayefunga jicho moja mkitoka nje juani, anayegongana na wenzake upande uleule, andikeni jina lake na mwiteni mzazi, mwambieni aende kituo cha afya wiki hii. Na akirudi na miwani au plasta jichoni, wazuieni wenzake wasimcheke, akichekwa ataivua njiani na matibabu yote yameishia hapo. Manesi, siku za chanjo mtoto yuko mkononi mwenu tayari, tochi ni ya sekunde kumi, muulize mama kama jicho linapinda muda gani na tangu lini, andika kwenye kadi ni jicho lipi na linaenda upande gani, hata kabla kamera haijafika kwenu hiyo peke yake inamsaidia atakayempokea.

Mtambo nimekuja nao, uko pale mezani chini ya kitambaa, na ile plastiki nyeusi iko pembeni, vijana njooni mshike, muiweke mbele ya kamera ya simu zenu muone baadhi ya simu zinavyopenya. Kuna mama amekuja na mtoto wake amekubali tumwonyeshe, ameshasaini, tuanze na kufunga lile pazia la upande wa barabarani, halafu maswali mtauliza huku tunapima.